Mkono Begani

Muuguzi mstaafu alipoanza kulia, Wendell alimwekea mkono begani bila kumuuliza, na kilio kikakatika palepale.

Moyoni akajipongeza. Darasani kwao, mjini Boulder, Marekani, walikuwa wanajifunza kukaa na mgonjwa anayetibiwa kwa uyoga wa njozi, ule unaomfanya mtu aone maono, wakifanyia mazoezi wao kwa wao, bila uyoga wenyewe. Mama yule muuguzi ndiye aliyeigiza mgonjwa, amelala godoroni, macho yamefunikwa kitambaa. Kilio chake lakini hakikuwa cha kuigiza.

Mwalimu akagonga kikengele. "Wendell, ulipomgusa, mwili wako ulikuwaje?"

"Umetulia," akajibu. "Pumzi ilikuwa inashuka mpaka tumboni."

Mama akafunua jicho moja. "Wacha we. Mkono ulikuwa unatetemeka, na jasho mpaka shati likanilowa. Nikajisemea, maskini, huyu kilio changu hakiwezi. Ngoja ninyamaze, apate kupumua."

Wenzao wakacheka kidogo, kisha wakaangalia soksi zao. Begani kwa mama, alama ya jasho ilikuwa na vidole vyote vitano.

"Turudie," mwalimu akasema. "Safari hii muulize kwanza."

Mama akajifunika macho tena. Wendell akaufuta mkono kwenye suruali kabla ya kuuliza. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa amekuwa akijisifia mbele za watu: kwamba kwenye ofisi yake ya ushauri nasaha, hakuna mgonjwa aliyewahi kulia zaidi ya dakika moja.