Mgane Pekee Mfuga Nyuki

Kriii! Kengele ya maswali ya serikali ililia ukutani, Shekue akauacha uji. Siku hizo serikali haikuuliza tena watu wote maoni yao. Iliwagawa raia katika matabaka, ikapiga kura ya bahati ndani ya kila tabaka, na aliyeangukiwa akawajibia wenzake. Tabaka la wagane wafuga nyuki lilikuwa na Shekue peke yake, basi kila kura ilimwangukia yeye.

"Tukioana kesho utaingia tabaka la waume, watu elfu tisini," alisema Mishi, mchumba wake. "Ndiyo maana umeahirisha harusi mara nne!"

"Nikiondoka, wagane wenzangu watasemewa na nani?"

"Wenzako gani, nawe uko peke yako? Ukiahirisha tena narudi kwetu."

"Nakuoa, Mishi, haki ya Mungu nakuoa," akaapa Shekue, kidole juu ya kitufe cha kujibia chini ya kengele, "nikishajibu swali hili moja."