Shingo ya Mzee Mwakipesile

Siku hizi daktari mwanafunzi haruhusiwi kumwandikia mgonjwa dawa mpaka akae naye saa nzima amchore sura kwa mkono wake. Sisi tulioandikiwa vidonge na watu wasioinua macho mezani tunakumbuka kwa nini. Na mgonjwa akifa, aliyemchora huupeleka mchoro mwenyewe kwa wafiwa.

Ndiyo maana Atuganile, daktari mwanafunzi, alikuwa amekaa sebuleni kwa marehemu Mzee Mwakipesile, Tukuyu. Siku mzee alipokuja kutibiwa, foleni ilikuwa ndefu. Alimpa mzee dawa ya kikohozi bila kumtazama, akarudi bwenini, akamchora kutoka kwenye picha ya kitambulisho chake iliyopigwa miaka kumi nyuma. Walimu wakampa alama za juu kabisa.

Mjane, Mama Tusa, aliupokea mchoro kwa mikono miwili. Machozi yakamlenga, kisha akacheka.

"Mume wangu huyu! Hata lile jivimbe la shingoni hukulichora."

Atuganile alitaka kusema. Haki ya Mungu, alifungua mdomo kabisa.

"Nilikuwa naogopa mtamchora nalo, kubwa vile kama yai. Kila aliyeingia humu alianza kuliona lile kabla ya salamu. Kumbe wewe una heshima, mwanangu. Umemsitiri mzee wa watu."

"Asante, mama," alisema Atuganile.

Mama Tusa akaishusha picha ya harusi, akautundika mchoro mahali pake.

"Na mimi nikiugua nitakuja kwako," akasema. "Hao wenzako wanakodoa mno macho."