Nyaya Zilizomuua Paschal

Masalu hakuja kusalimia. Alikuja na sungusungu sita wenye fimbo, mama yake mzazi, na mdomo wake. Mdomo ndio uliotangulia kuingia uani.

"Mtoeni nje huyo mchawi!"

Milembe alitoka mwenyewe, bado na nguo nyeusi za msiba. Alikuwa mjane wa Paschal, kaka yake Masalu, aliyezikwa wiki tatu nyuma hapo hapo Kasoli, pembeni mwa shamba la pamba.

"Ulituambia msibani nyaya za sola ndizo zilizomuua kaka," Masalu alifoka. "Asubuhi nimekuona kwa macho yangu unazishika hizo hizo, mikono mitupu, tena unaimba! Umeme gani unachagua wa kumuua? Umemloga! Uondoke leo hii, shamba libaki kwetu."

Shamba! Kumbe ndiyo habari yenyewe. Hata haya hana.

Sungusungu walianza kunung'unika. Kwa neno hilo moja, mchawi, mwanamke hufukuzwa kijijini na nguo alizovaa, na huyo ndiye mwenye bahati. Lakini Milembe hasira ilimzidi woga.

"Luhende," alimgeukia kiongozi wao, "na wewe mtu mzima unasikiliza upuuzi huu? Ingieni ndani, wote."

Ndani, betri ilikuwa sakafuni, nyaya mbili zikishuka kutoka kwenye paneli ya sola juu ya bati.

"Nimesomea ufundi Bariadi miezi mitatu," alisema. "Umeme wa nguzo, ule wa mashine ya kusaga, unakwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde moja, tena kwa volti mia mbili na thelathini. Huo ukikushika, unazikwa. Huu wa betri unakwenda njia moja tu, volti kumi na mbili. Husikii chochote. Msizigusanishe tu, zitatoa cheche."

Akazishika, moja kila mkono.

"Haya, mwanaume nani?"

Luhende alifumba macho kama anayesubiri sindano, akashika.

"Aa! Mbona hamna kitu?"

Basi wakagombania. Kila mmoja alishika, kila mmoja akacheka, na mwisho wakamsukuma Masalu mbele. Alianza na kidole kimoja, halafu kiganja kizima. Akanywea.

"Umetutoa kwenye pamba kwa ajili ya hiki?" Luhende alimkaripia. "Huyu mama si mchawi. Mjinga ni wewe! Mwombe radhi shemeji yako, na shamba lake usilikanyage tena."

Masalu aliomba radhi, shingo upande. Milembe aliipokea akiwa amesimama wima, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, alicheka. Alimgeukia mama mkwe wake, Ng'washi, aliyekuwa mlangoni muda wote.

"Njoo na wewe, mayu. Shika, usiogope."

Bibi aliinama, akazikamata nyaya zote mbili kwa mikono yake iliyojaa sugu. Hakuziachia. Alizishikilia mpaka vicheko vikaisha vyenyewe.

"Kweli," alisema, "hizi haziui mtu. Basi niambie, mkwe wangu, mwanangu aliuawa na nini?"