Jeni wa Sebuleni

Mgeni wa Jeni alipobisha hodi, Jeni alivua viatu, akanyata hadi chumbani kwake, akamwachia mwanamke mwingine akafungue mlango kwa jina lake.

Mwanamke huyo alikuwa Rehana, fundi cherehani wa miaka ishirini na minne, aliyepanga kwenye baraza la duka la Jeni pale Makambako. Picha iliyokuwa kwenye mtandao ilikuwa yake. Maneno yalikuwa ya Jeni, mjane wa miaka arobaini na saba, muuza mbegu na mbolea. Siku ya kujisajili katika ukurasa wa wachumba alitakiwa aweke picha. Aliitazama ile ya kadi yake ya mpiga kura, akaenda kuomba ya mpangaji.

Tangu hapo ilikuwa miezi minane. Kila Jumatano alikwenda kwenye chumba chenye kompyuta nne karibu na stendi, akamwandikia Manase wa Njombe. Manase alijua kuandika. Jeni alikuwa akicheka peke yake kati ya magunia ya mbolea mpaka wateja wanauliza kulikoni. Halafu Jumatano moja, kwa wazimu tu, akaandika: njoo nyumbani, tukae, tule viazi, tuangalie video.

Manase akajibu kwamba atakuja Jumamosi na mjomba wake. Si vizuri, alisema, mwanamume kuingia peke yake nyumbani kwa mwanamke. Watu wana macho.

Rehana alipewa kazi ya jioni moja. Manase akionekana mtu mwema, Jeni angemweleza ukweli baadaye, kwa barua, kidogo kidogo. Akiujua leo angegeuza gari, na Jumatano zingeisha.

"Karibuni ndani. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye Jeni?"

"Ndiye mimi."

"Mm," alisema mjomba.

Jeni alichungulia kwenye tundu la pazia la mlango wa chumbani. Kijana alifanana na picha yake: mrefu, nywele zimenyooka pembeni kama zimepigiwa rula. Mjomba alikaa akiwa ameligeuzia pazia mgongo. Jeni aliona kisogo chake tu, koti zito, na mkono uliokuwa ukisafiri kwenda kwenye sinia la viazi na kurudi.

Kijana aliisifu televisheni. Akalisifu kochi. Akaisifu tena televisheni.

"Uliniandikia unapenda mvua," Rehana alisema, kama alivyofundishwa.

"Mvua gani?" kijana aliuliza.

"Ya Desemba," mjomba alidakia, mdomo umejaa. "Anaipenda kwa sababu inamzuia mchungaji kuja kumuuliza ataoa lini."

Jeni nusura acheke. Kisha akaona joto linampanda. Kumbe mjomba alisomewa barua zao. Miezi minane ya moyo wake, na mzee mmoja mlafi anaitafuna pamoja na viazi vyake.

Mjomba akajipangusa mikono. "Binti, yule mbuzi aliyeingia kanisani kwenu wakati wa ibada. Alikula nini?"

Rehana alitupa jicho kwenye pazia. "Majani."

"Kanisani?"

"Ya mapambo."

Jeni aling'ata kona ya mto. Mbuzi alikuwa amekula daftari la matangazo, na ndoa mbili hazikutangazwa. Jeni aliyaandika hayo kurasa mbili nzima.

Hilo lilivumilika. Lisilovumilika lilikuwa Rehana kusahau kazi yake.

"Nani kakunyoa hivyo?" alimuuliza kijana, na safari hii hakuwa amefundishwa na mtu.

"Mwenyewe. Natumia vioo viwili."

"Muongo wewe."

"Haki ya Mungu. Kimoja mbele, kimoja nyuma. Ukikosea mkono unatembea na kofia mwezi mzima."

Rehana alicheka, akasogeza kiti. Kijana akasogeza chake. Kwenye televisheni watu walikuwa wakipigana kwa mapanga na hakuna aliyewatazama. Jeni alishika ncha ya pazia, akaiachia. Angetoka aseme nini? Kwamba uso arudishiwe Rehana na mwanamume arudishiwe yeye?

Mjomba alisukuma sinia pembeni. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Binti, nikuulize la mwisho. Baridi ya Julai ikiunguza viazi bondeni, majani yote yakawa meusi, mtu afanye nini?"

Rehana alizaliwa Kondoa. Viazi alivijua vikiwa ndani ya ndoo sokoni. "Anang'oa, mjomba. Anapanda kitu kingine."

"Ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo."

Mjomba akachukua kofia yake magotini. "Twende zetu," alimwambia kijana. "Asante kwa chakula, binti."

Kijana alisimama taratibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mjomba alikwisha kufika mlangoni.

"Having'olewi," pazia lilisema.

Wote watatu waligeuka. Jeni aliziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maneno yalikuwa yameshaanza safari na hayakutaka kubaki nusu.

"Vinaachwa. Shina limelala chini, halijafa. Mimi niliambiwa na bonde zima ning'oe, sikung'oa, na mwezi wa tisa nilivuna. Nilishaandika hivyo. Niliandika nikilia."

Mjomba alirudi hatua tatu, akasimama mbele ya pazia, na kwa mara ya kwanza Jeni akauona uso wake: mtu wa miaka hamsini na kitu, mvi kwenye masharubu, kofia mkononi.

"Jeni," aliliambia pazia, "toka mama, tuongee. Huyu kijana ni kinyozi wangu tu, nimemwazima mpaka saa mbili."