Akala za Mtu wa Saba

Kwenye mlango wa shimo zilibaki akala za tairi jozi moja, na mwenyewe hakuwepo.

Mzee Losike ndiye aliyeziona kwanza. "Msifunge!" alipiga kelele, sauti ikakatwa na kikohozi. "Bado kuna mtu ndani!"

Dereva wa tingatinga akazima injini. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku ya tatu tangu shimo la dhahabu liporomoke. Watu sita walikuwa wameshatolewa, wanne wazima, wawili maiti, na Ereng, mkubwa wa serikali aliyetumwa kutoka Lodwar, alikuwa ameinua mkono kuamuru udongo urudishwe.

Pale kila mchimbaji alivua viatu kabla ya kushuka. Walisema dhahabu hukimbia ukiikanyaga na kiatu. Kwa hiyo aliyeko juu hakuuliza nani yuko chini, alitazama akala tu. Siku ya kuporomoka, kwa vumbi na mayowe yale, hakuna aliyekumbuka kuzihesabu. Waliotoka wazima walivaa zao, za waliokufa zilibebwa na ndugu zao. Sasa hii jozi moja.

Gatkuoth, msimamizi wa wachimbaji, mtu mrefu kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliinama akaiokota. "Hii mguu ni ndogo," alisema. "Nafikiri ni ya Thuok, ule mwenzangu wa kambini. Tangu Jumapili sijamwona."

Ereng akashusha mkono taratibu. Mkimbizi akifia ndani, mashirika yatakuja na kamera zao. Angekuwa mtu wa hapa, mkono usingeshuka. Losike aliliona hilo, akalimeza.

"Haya, chimbeni," Ereng alisema. "Lakini saa saba nafunga. Shimo hili limezeeka."

Hapo hakudanganya. Nguzo za miti ya mathenge zilizolishikilia tangu mwaka wa kwanza zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ukizigonga, zinamwaga unga. Kila mwaka wakubwa walikuja, wakapiga picha mlangoni, wakarudi kwenye gari lenye baridi. Hajatokea hata mmoja aliyevua viatu.

"Mchimbe kushoto," Losike alisema. "Nimesikia kugonga kushoto."

"Kushoto?" Ereng alicheka. "Kushoto kulianguka mwaka juzi, mzee. Nani anafanya kazi huko?"

"Nimesema nimesikia."

"Na hicho kifua chako! Unasikia nini zaidi ya kikohozi?"

Wachache walicheka, kicheko cha watu wasiolala siku tatu. Losike alimkazia macho.

"Mwaka juzi pia nilisema, mkubwa. Nilikwambia mke wangu yuko ndani. Ukafunga."

"Yale tuliyamaliza. Akala zake hazikuwa hapa mlangoni, tungejuaje? Wanawake hutoroka, mzee. Pengine Aregae wako yuko Kalokol na mvuvi, anakula samaki."

Losike alijifuta mdomo kwa shuka lake. Jibu hilo alishalisikia kwa miaka miwili. Mara kumi na moja alipanda bodaboda mpaka Lodwar, akakaa kwenye benchi, akaambiwa kesho, halafu wakaongea Kiingereza juu ya kichwa chake kama vile yeye ni kiti. Ukame ulipobana, na wachimbaji wenyewe wakafungua mlango mpya wa shimo, aliwasihi pia. Hakuna aliyekubali kugusa upande wa kushoto kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Kwa aliye hai, hilo ni jambo jingine.

"Ejok, sawa, mzee," Gatkuoth alisema. "Basi nakwenda kushoto." Akajifunga kamba kiunoni, akavua viatu vyake, akashuka na wenzake wawili.

Juu watu walivuta kamba. Jerikeni zilizokatwa zilipanda na udongo, zikashuka tupu. Saa tano. Saa sita. Jua likawa linachoma mpaka mawe.

Saa sita na nusu mchimbaji mmoja alipata mtandao, akapiga simu Kakuma kumwulizia Thuok. Akaweka spika.

"Mimi?" sauti ilisema. "Mimi Thuok niko sokoni, nauza vitunguu. Nani amesema nimekufa? Ni ule Gatkuoth? Mwambie atakufa yeye!"

Watu waliangua kicheko, kisha wakaona haya.

"Basi," Ereng alisema. "Hakuna mtu. Waiteni watoke. Washa injini."

Losike alikwenda akaketi mbele ya tingatinga, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Na akala zile zimetembea zenyewe?"

Ereng alimgeukia dereva, akamwonyesha injini kwa kidole.

"Mkubwa," dereva akasema polepole, "mimi siwezi kufukia mtu. Nina watoto."

Ndipo chini kitu kilipolia kwa mlio mrefu, kama mlango mzito. Vumbi lilipanda kutoka shimoni. Kamba ya Gatkuoth ilitetemeka, ikatulia. Losike aliinuka, akaishika kwa mikono miwili. Alitaka kupaza sauti: tokeni, acheni, hapana mtu.  Nguvu za kuvuta hakuwa nazo, na za kusema hakuwa nazo. Alisimama tu, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la uso wake.

Kamba ikavutwa mara mbili.

"Wako salama!" mtu alisema. Kisha sauti ya Gatkuoth ikapanda kutoka chini, nyembamba, ya mbali. "Tumempata!"

Watu walirukaruka. Ereng alikimbia mpaka ukingoni, kofia ikamwanguka.

"Ni mzima?"



"Mkubwa," Gatkuoth alisema, "ni mama. Amekauka siku nyingi. Ana shanga shingoni."

Losike alikuwa ameshavua shuka lake, analitandika chini, kando ya akala za mkewe alizoziweka mlangoni yeye mwenyewe usiku wa kuamkia leo.