Viatu vya Misumari

"Nikaribie tena uone," Hawo alimwambia mwanawe. Kiatu kimoja alikuwa amekishika, cha pili kilikuwa kimeanza kutoa moshi jikoni.

Diriye hakungoja kuona. Alikichomoa kile cha motoni kwa vidole vitupu, akampokonya mama yake na kile cha mkononi, akamtamkia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba roho yake imekauka, kwamba angefurahi kumwona mwanawe akioza nyuma ya mbuzi.

Lori la Nairobi lilikuwa linaondoka saa nne. Mfukoni Diriye alikuwa na barua ya klabu kubwa iliyomtaka awe mchezaji wake wa gofu wa kulipwa, wa kwanza kutoka upande huu. Alikuwa pia na pasi ya kusafiri, yenye muhuri, ambayo mwaka ule wa 1966 watu wazima waliililia wasiipate. Barua ilisema wazi kwamba hakuna anayekanyaga nyasi zao bila viatu vya gofu, vile vyenye misumari chini. Garissa nzima, jozi ilikuwa moja tu. Mzungu mmoja, afisa, alimwachia Diriye alipokuwa akirudi kwao, baada ya kushindwa mara tatu na mtu aliyecheza kwa fimbo ya kuazima.

Hawo hakuwahi kuuelewa mchezo huo. "Mbwa akifukuza mfupa, mwishowe huula," alikuwa akisema. "Wewe unafukuza mpira wako mpaka uuzike shimoni, halafu unapigiwa makofi." Lakini alikuwa akisema huku akicheka, na shati la safari alilishona yeye mwenyewe. Tangu Keynan, mwanawe mkubwa, aingie msituni na wenye bunduki, hakuwa na mwingine wa kumshonea.

Leo hakucheka. Alirudi kutoka kisimani na ndoo nusu, ule mguu wa kushoto aliovunjwa na ngamia ukimchelewesha, akapita bila salamu na kwenda moja kwa moja kwenye viatu.

"Cheza pekupeku," alisema sasa. "Mashimo yote tisa uliyajua bila viatu. Hata kupiga ulijifunza kwa hangool, ile fimbo ya ndoano, ukivuta miiba ya boma."

"Hooyo, Nairobi hawachezi mchangani."

"Basi usiende navyo. Nenda, lakini usiende navyo."

Hapo ndipo Diriye alipovitazama vizuri. Alhamisi alivipaka rangi vikang'aa. Sasa vilikuwa vyekundu kwa mchanga, mbigili zimenasa kwenye misumari, na ndani, kwenye vidole, vilikuwa vimejazwa matambara. Aliyavuta moja moja, akayatupa chini. Sokoni ndivyo viatu vikuukuu hujazwa ili visimame mbele ya mnunuzi.

"Ulivipeleka kuviuza," alisema. "Ukakosa mtu, sasa unavichoma."

Hawo alinyoosha mkono. "Ndiyo. Nilitaka kuviuza. Nipe."

Hakumpa. Na kabla hajapata tusi la kutosha, mlango ulizibwa na watu watatu: askari wawili, na mbele yao Kulow, jirani yao, msoma nyayo wa polisi. Kulow alikuwa akiitazama njia ya kisimani asubuhi na kuwataja waliopita kwa majina, na kusema nani kati yao ana mimba. Kijiji kizima kilitembea kwa kumwogopa.

Hakuwasalimu. Alieleza kwamba jana, baada ya magharibi, mtu mmoja alipenya kwenye ua wa miiba ambao serikali imewazungushia, akawapelekea maziwa watu wa msituni, akarudi kabla ya alfajiri. Kisha akakichukua kiatu kimoja mikononi mwa Diriye, akakigeuza.

"Misumari kumi na miwili," alisema. "Mguu wa kushoto ulikuwa unachora mstari kila hatua. Kibuyu kilikulemea upande huo, mchezaji."

Diriye aliapa. Alisema alilala mapema, hajui maziwa wala ua, na kwamba shahidi wake amesimama pale pale. "Hooyo, waambie."

Hawo alikuwa akiyatazama matambara pale chini.

Diriye alimchukia. Mama yake mzazi, kwa ajili ya kumzuia tu, alikuwa tayari kumwacha afungwe. Kulow alimshika mkono. Askari mmoja aliitoa ile pasi mfukoni mwake, akaisoma, akaishika kwa pembe mbili tayari kuirarua. Huko kwenye kizuizi cha barabarani lori lilipiga honi.

"Ngoja," Hawo alisema.

Alikitwaa kiatu kwa Kulow na kingine kwa mwanawe, akaketi kizingitini. Aliokota matambara, akayarudisha ndani moja moja, kila moja mahali pake, bila kutazama. Akavaa. Akafunga kamba kwa fundo la kufungia mzigo wa ngamia. Halafu akasimama, akawapita askari, akatembea hatua saba kwenye mchanga laini wa mbele ya nyumba.

"Soma, Kulow."

Kulow aliuachia mkono wa Diriye, akachuchumaa. Aliufuata kwa kidole mstari wa mguu wa kushoto, hatua ya kwanza hadi ya saba, na hakuinua macho.

"Mrudishieni pasi yake," Hawo alisema, akiwanyooshea askari mikono yake miwili. "Lori halingoji, na pekupeku anajua kucheza."