Nukta Tatu

"Usiguse kitu. Niongoze mkono," mzee alisema, akainama juu ya injini kama anayetaka kuinusa.

Macho yake yalipofuka miaka minne iliyopita. Mwanawe alimshika kiganja, akakisogeza mpaka kwenye gia. Kucha ya kidole gumba ikatambaa juu ya meno ya chuma, ikapata nukta moja iliyochimbwa kwenye gia ya kranki, kisha ikazitafuta zile mbili za gia ya kemshafti, mhimili unaofungua valvu.

"Umeona? Hii moja ilitakiwa ikae katikati ya mbili. Wewe umepitiliza jino zima."

"Jino moja tu, baba."

"Jino moja tu!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Washa hivyo hivyo, basi. Pistoni itapanda valvu haijafunga, zitatwangana, na injini yako utaizoa kwa ufagio. Toa gia. Rudisha nyuma."

Lori lilikuwa la mzee mwenyewe, kuukuu kuliko huyo mwanawe. Lilikuwa limekaa uani miezi minane likivuja oili mbele na nyuma, mpaka majirani wakalipachika jina: Kikojozi.

Zamani mzee asingemfundisha mtu kwa upole namna hii. Mwanawe alipokuwa kijana, mzee alimfukuza gereji mbele ya mafundi wenzake. "Hiyo si mikono," alimwambia, "ni makasia!" Watu wakacheka. Kijana akaondoka, wala hakugusa spana tena. Kisha mama yake akafariki, macho ya mzee yakapofuka, na baba akawa hana budi kuhamia chumba cha nyuma katika nyumba ya mwanawe. Huko chakula kililetwa na mkwe, kikawekwa mlangoni, basi. Siku nyingine mzee alizungumza na redio.

Ndipo wiki iliyopita mwanawe akaja, akakaa kitandani pake.

"Baba, nifundishe. Tukilifufua lori, safari ya kwanza nakupeleka kwa shangazi ukapumzike."

Mzee aligeukia ukutani ili asionekane akilia.

Siku tatu walifanya kazi pamoja, mmoja macho, mwingine akili. Walipofika kwenye sili, ule mpira wa kuzuia oili, mzee alidai kwanza kuupapasa mhimili wa kranki.

"Sili ya zamani imeshachimba mfereji hapa. Ukiigongelea mpya mahali pale pale, itavuja kesho. Iache nje kidogo, mdomo wake ukutane na chuma kizima. Na uipake oili kwanza. Sili kavu huungua siku hiyo hiyo."

Mwanawe aliyaandika yote kwenye daftari. Alitumia kipande cha ubao, akagonga taratibu, kuzunguka, kuzunguka, mpaka sili ikakaa sawa.

"Kuna lingine, baba? Wanasema fundi hafi bila kuficha moja."

Mzee alijifuta grisi vidoleni. Lilikuwapo. Hata mwanafunzi wake bora hakuwahi kuambiwa.

"Pampu ya dizeli," alisema mwishowe. "Alama unayoiona ni ya uongo. Pampu hii niliitoa kwenye lori jingine. Papasa chini yake, kuna mkwaruzo wa patasi. Huo niliupiga mimi. Ufuate huo."

"Basi? Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote. Umenimaliza."

Asubuhi ya nne mkwe alimletea shati lililopigwa pasi, akamfunga vifungo mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nipe kitambulisho, baba, nikutunzie. Njiani vitu hupotea."

"Mungu akuweke, mwanangu."

Lori liliwaka kwa mzunguko wa pili. Majirani walitoka nje wakipiga vigelegele na kejeli kwa pamoja. Mzee aliweka kiganja kwenye bodi, akasikiliza kwa mkono. Hakuna kugonga, hakuna kukohoa.

"Hata tone!" mwanawe alipaza sauti kutoka chini ya lori.

Alipotoka, mzee alimtafuta kwa vidole, akaishika mikono yake iliyojaa grisi.

"Niliitukana hii mbele za watu. Nisamehe."

"Yamepita, baba. Panda."

Njiani mzee alikuwa kama bwana harusi. "Ingiza namba tatu, usiichoshe. Eeh! Unasikia inavyovuta?" Alimsimulia mwanawe safari zake za ujana, matope na madaraja, na shangazi mtu alivyokuwa akimpikia akifika. Mwanawe aliitikia, "Naam, baba. Naam."

Mzee alikuwa anausubiri mlima ule mrefu kabla ya kufika kwa dada yake, aone injini itaupandaje. Mlima haukuja. Lori lilikata kona, likaingia kwenye changarawe, likasimama.

"Ngoja kidogo," mwanawe alisema, akashuka bila kuzima.

Injini iliunguruma chini kwa chini, imetulia kama mtoto aliyeshiba. Mzee alitabasamu. Huenda mwanawe amekumbuka kumnunulia shangazi zawadi. Geti likalia. Ndara zikaja zikiburuzika, na sauti ya mwanamke ikasikika karibu na dirisha.

"Lakini hapa tunapokea wazee wasio na mtu kabisa. Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni dereva tu, mama," mwanawe alisema. "Nimemkuta amekaa kando ya barabara."

Mlango wa upande wa mzee ukafunguliwa.

"Shikamoo, babu. Una mtoto wako popote tumwite?"

Mzee alipapasa kingo za mlango, akashusha mguu mmoja, kisha wa pili.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sikujaliwa."